ULIZA FUNDI: Kabureta ya baiskeli ya mota inakohoa, nianzie wapi?

Safari hii mmeniandikia baiskeli za mota tu, zile za tu-stroki (injini unayoichanganyia oili kwenye petroli) ambazo mtu ananunua seti ya injini na vifaa vyake anafunga mwenyewe kwenye fremu, na karibu malalamiko yote yanaishia kwenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Nimechukua machache maana mengine ni yale yale.

SWALI: Fundi shikamoo. Nina baiskeli ya mota, injini wanaiita 80cc. Inawaka freshi na mwanzo inavuta vizuri ila nikipiga mafuta mpaka mwisho inaanza kukohoa, inanguruma brrr-brrr haipandi tena, nikirudisha kidogo inachanganya. Nimezungusha skrubu ya kabureta mpaka imelika kichwa na sioni tofauti. Plagi nikiitoa ni nyeusi tii na imelowa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Kwanza achana na hiyo skrubu, imekukosea nini maskini. Kwenye hizi kabureta rahisi zinazokuja na seti ya injini, skrubu ya ubavuni kazi yake ni moja tu, kuinua slaidi (kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta ukivuta akseleta) kidogo ili injini isizime ukiachia akseleta. Haiongezi petroli wala haipunguzi. Watu wanaizungusha kwa sababu ndo pekee inayoonekana kwa nje, basi.

Ugonjwa wako ni petroli nyingi. Mchanganyiko ukiwa mzito hivyo cheche haiwashi kila mzunguko, inawasha mmoja inaruka mwingine, ndo hiyo brrr-brrr unayoisikia. Na kwa kuwa inatokea ukiwa umefungua mwisho, mwenye kosa ni jeti kuu, kile kipande cha shaba chenye tundu la kupitisha petroli, kiko chini ndani ya bakuli la floti (kibakuli cha petroli chini ya kabureta, chenye boya ndani). Kuanzia robo tatu ya akseleta mpaka mwisho jeti ndo inaamua petroli ipite kiasi gani, kuanzia robo mpaka robo tatu anayeamua ni sindano iliyoning'inia kwenye slaidi, na chini ya hapo ni umbo la slaidi yenyewe. Kwa hiyo kabla hujashika chochote jiulize inasumbua akseleta ikiwa wapi, hilo peke yake linakupunguzia nusu ya kazi.

Ila kabla ya kubadili jeti hakikisha chok (kile kinachobana hewa wakati wa kuwasha injini baridi) imefunguka yote, maana wenzo wake ukilegea mtetemo unaurudisha wenyewe bila wewe kujua. Fungua na chujio la hewa ulioshe, likijaa vumbi au oili injini inakosa hewa na dalili zinakuwa hizo hizo. Na kama ulihamia sehemu ya milimani, hewa ya huko ni nyepesi, jeti iliyokuwa sawa chini bondeni huko juu itakuwa kubwa.

Hayo yote yakiwa sawa ndo ufunge petroli, ufungue bakuli, utoe jeti uangalie namba iliyogongwa pale. Kama ni 70 jaribu 68, ikikohoa bado shuka tena, hatua moja moja usiruke. Kuna wanaoziba tundu kwa risasi halafu wanatoboa upya kwa keekee nyembamba. Mimi siwapendi hao, tundu likiwa na ukwaruzo ndani namba haina maana tena na siku nyingine hujui umetoka wapi. Seti ya jeti ndogo ni kitu kidogo, nunua.

Kila ukibadilisha soma plagi, na kusoma plagi kuna namna yake. Injini iwe imepata moto, weka plagi safi, tafuta barabara ndefu isiyo na watu, fungua akseleta mwisho uende nayo kidogo, halafu kwa mpigo mmoja kata moto na ubane klachi ili baiskeli iteleze injini ikiwa imezima. Toa plagi hapo hapo. Ukiirudisha nyumbani taratibu kwanza halafu ndo uitoe, unasoma mwendo wa taratibu, sio wa mwisho. Unatafuta rangi ya kahawia pale kwenye kauri karibu na ncha. Nyeusi na imelowa, bado petroli ni nyingi. Nyeupe kama chokaa, simama, umepitiliza, rudisha jeti kubwa.

Halafu nikuibie siri, hiyo sio 80cc. Pima silinda utakuta kipenyo milimita 47 na mwendo wa pistoni 38, piga hesabu inakuja kama 66. Usiilinganishe na pikipiki.

SWALI: Mwisho inaenda poa, shida yangu ni katikati. Nikiwa nusu akseleta inasita na kubweka bweka. Naambiwa nihamishe klipu ya sindano ila kila mtu ana lake, juu au chini?

JIBU: Usikariri, iangalie mwenyewe. Fungua mfuniko wa juu wa kabureta, vuta slaidi itoke na springi yake, sindano iko ndani ya slaidi na karibu na kichwa chake kuna mifereji midogo ambapo kile kiklipu kimekaa. Sindano inaning'inia kwenye klipu. Ukipandisha klipu kuelekea kichwani sindano inashuka zaidi kwenye tundu, petroli inapungua, ukiishusha klipu sindano inapanda na petroli inaongezeka. Wewe plagi yako hujaniambia rangi lakini kubweka kwa nusu akseleta mara nyingi ni petroli nyingi, kwa hiyo anza kwa kupandisha klipu mfereji mmoja, jaribu barabarani. Ikizidi kuwa nzito kuvuta, rudi ulikotoka. Jeti kuu iwe imeshapatikana kabla ya hapo.

Wakati wa kurudisha slaidi, ule upande uliokatwa utazame chujio la hewa na mfereji wa ubavuni uingie kwenye kipini cha ndani. Ukilazimisha vingine slaidi inakwama imefunguka na siku utakayowasha itanguruma mpaka majirani watoke.

SWALI: Mimi nilishusha namba ya jeti kama mara mbili ili petroli ipungue. Sasa nikiachia akseleta inachelewa kushuka, inabaki inalia juu juu, na plagi imekuwa nyeupe. Wenzangu wanasema hapo ndo imetuniwa vizuri maana inakimbia. Ni kweli?

JIBU: Hapana, na usiiendeshe tena mpaka uiangalie. Tu-stroki haina oili ya peke yake, oili inakuja na petroli, kwa hiyo ukipunguza petroli umepunguza na kulainisha. Inakimbia kweli, inakimbia kuelekea kujam. Pistoni inatanuka kwa moto, inakwaruza silinda, kwisha.

Jeti huenda umeishusha mno lakini hiyo ya kuchelewa kushuka inaninusisha hewa ya wizi, yaani hewa inayoingia kwenye injini bila kupitia kabureta. Cheki kwanza kama waya wa akseleta una ulegevu kidogo, haujavutwa. Kama uko sawa, washa injini ikiwa baridi, chukua dawa ya kusafishia kabureta upulizie kidogo kidogo pale kabureta inapovikwa kwenye bomba la kuingilia, na pale bomba linapokutana na silinda. Mngurumo ukibadilika ghafla hapo ndo panapovuja. Dawa hiyo inashika moto, usiielekeze kwenye ekzosi wala waya wa plagi. Mara nyingi utakuta kabureta haikusukumwa mpaka mwisho kabla ya kukaza skrubu, au gasketi ya karatasi imechanika, au nati zimelegea kwa mtetemo. Ziba, halafu rudisha jeti ya mwanzo uanze upya, maana yote uliyotuni wakati inaiba hewa hayahesabiki.

SWALI: Naongeza oili kwenye petroli ili mchanganyiko uwe mzito na injini isiungue. Niko sahihi?

JIBU: Ni kinyume chake. Kabureta inapitisha ujazo ule ule, ukiongeza oili humo ndani petroli ndo inayopungua, hewa ikabaki pale pale. Kwa hiyo chagua kipimo kimoja ukae nacho, ndo utuni. Kwa lita moja ya petroli, 16 kwa 1 (petroli sehemu 16, oili sehemu 1) ni oili kama mililita 62, na 25 kwa 1 ni mililita 40. Ukibadilisha kipimo, soma plagi upya.

SWALI: Inazima yenyewe baada ya mwendo, nikikaa kidogo inawaka. Na ikilala usiku asubuhi nakuta petroli chini.

JIBU: Hayo ni mawili tofauti. Kuzima, legeza mfuniko wa tangi ikishazima, ikiwaka hapo hapo basi katundu ka hewa ka mfuniko kameziba, kazibue. Kumwagika, kuna uchafu kwenye sindano ya floti (ile inayofunga petroli bakuli likijaa) au floti yenyewe imetoboka. Itoe uitikise sikioni, ukisikia petroli ndani badilisha. Halafu funga koki ya tangi ukipaki, hata ikiwa nzima.