Maswali yenu: dinari za Wanamsalaba

Nimeona picha ya dinari ya Kiarabu, chini imeandikwa "sarafu ya Wanamsalaba". Wamekosea?

Hawakukosea. Wanamsalaba, askari Wakristo kutoka Ulaya, walipoiteka Jerusalem mwaka 1099 walikuta masoko ya Shamu na Misri yanaiamini dinari ya Mafatimi, makhalifa wa Kishia waliotawala Misri. Kwao walizoea zaidi vipande vidogo vya fedha. Basi wakafua dhahabu yao kwa sura ileile, shahada ikiwemo. Ufalme wa Jerusalem uliiga dinari ya khalifa al-Amir (1101–1130). Tripoli ya Lebanoni, dola nyingine ya Wanamsalaba, iliiga ya khalifa al-Mustansir, aliyekwisha kufa tangu 1094.

Mafundi walijua walichokiandika?

Katika nakala nyingi herufi zimevunjika hadi zimekuwa vijiti tu. Lakini tazama katikati ya ile nakala ya al-Amir. Pana maneno mawili, *aal ghaya*, na Mswahili hahitaji mkalimani: aali ni bora, ghaya ni mno. Dinari halisi ilistahili sifa hiyo, maana ilikuwa karibu dhahabu tupu, gramu nne na kitu. Nakala ilianza na dhahabu kama asilimia 80, ikashuka hadi chini ya 70, na maneno yakabaki palepale. Hilo linaniuma kuliko hata kuiga kwenyewe. Wafanyabiashara hawakudanganyika, nakala walizipa jina la pekee: dinari *suri*, za mji wa Sur, pwani ya Lebanoni.

Kanisa lilinyamaza?

Kwa muda mrefu, ndiyo. Kisha Eudes wa Châteauroux, mjumbe wa Papa aliyefuatana na Mfalme Louis IX wa Ufaransa, akapeleka malalamiko juu ya sarafu hizo, na mwaka 1250 Papa Innocent IV akazikataza. Kuanzia 1251 sarafu za Akka, bandari ya Wanamsalaba, zina msalaba, mwaka wa Masihi, na "Baba na Mwana na Roho Mtakatifu", yote kwa Kiarabu! Papa aliweza kuondoa shahada. Hati ya Kiarabu hakuigusa, kwa sababu ndiyo iliyofanya mtu wa sokoni apokee sarafu.

Sisi wa Pemba: dinari za Mafatimi zilifika huku?

Zilifika. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu zilipatikana sarafu zaidi ya 2,000, na dinari chache za dhahabu zilikuwa humo, za Kifatimi zikiwemo. Zilizobaki ni za fedha, ndogo mno, zimefuliwa na watawala wa pwani wenyewe: upande mmoja jina la mtawala, upande wa pili sifa za Mungu, na pande mbili zina vina kama ubeti.