Wasifu wa Marehemu Hauandikwi Usiku wa Msiba

Kama umehudhuria misiba ya vijijini huku kwetu Songea, wasifu wa marehemu unaujua kabla haujasomwa. Marehemu alizaliwa mwaka 1948, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba. Alipata elimu ya msingi hadi darasa la nne. Alifunga ndoa takatifu. Alianza kuugua mwezi wa tatu, akapelekwa hospitali, hali ikabadilika. Ameacha mjane, watoto sita na wajukuu kumi na wanane. Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Karatasi inakunjwa, mshereheshaji anaita rambirambi. Miaka zaidi ya sabini ya mtu imepita kwa dakika mbili, na dakika moja kati ya hizo ni ya ugonjwa.

Mimi ni katibu wa kamati ya misiba ya kitongoji chetu, na kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, kazi ya wasifu huniangukia mimi. Inakuja saa nne usiku, kwa mwanga wa tochi ya simu. Watoto wa marehemu wameshuka kwenye basi la Dar wamechoka, wanabishana kama baba alizaliwa arobaini na sita au arobaini na nane. Wanaojua kweli wamejiinamia kwenye mkeka, na hakuna mwenye moyo wa kwenda kuwasumbua. Katika hali hiyo hata mwandishi hodari ataishia kuhesabu wajukuu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa yeyote anayetaka watu wa kijiji chake wakumbukwe kama walivyoishi ni huu: anza kuandika sasa, msiba ukiwa haupo. Na habari za mtu usianze kumuuliza yeye mwenyewe. Waulize majirani zake.

Hilo la pili watu hunibishia, lakini jaribu uone. Nenda kwa mzee wa miaka themanini na daftari mkononi, mwambie unataka kuandika historia ya maisha yake. Atakutazama kwanza. Halafu atakuuliza, "Kwani nakufa lini?" Wengine watakwambia wazi kwamba unawachuria, na wana haki, maana daftari la namna hiyo kijijini huonekana siku za msiba tu. Ila mwombe huyohuyo akusimulie habari za rafiki yake aliyekwisha tangulia. Atavuta kigoda.

Jirani yangu mmoja, bibi ambaye wanawe wote wako mjini, nilimkuta uani akipukuchua mahindi. Nikamwuliza habari za mkunga wa zamani, yule ambaye karibu kila mtu wa rika langu pale kijijini alipokelewa naye. Aliendelea kupukuchua muda wote alipokuwa akizungumza. Mkunga, alisema, hakuwa na wembe wake. Kila nyumba ilipaswa kununua mpya na kuuweka juu ya kabati mimba ikifika mwezi wa saba, na asipoukuta alifoka mpaka baba mwenye nyumba anatoka mbio kwenda dukani. Malipo yake yalikuwa mche wa sabuni, akikataa fedha. Masika mto ukijaa alivuka kwa kushikwa mkono, khanga ameikunja hadi magotini. "Alishikwa mkono na nani?" nikauliza. "Na mimi. Mimi ndiye nilikuwa msichana wake wa kushika kibatari." Miaka mingi ya kuzalisha watu, tangu akiwa msichana asiyeolewa, na wanawe hawakuwahi kuisikia. Nilikwenda kuulizia maisha ya mmoja nikarudi na ya wawili. Bibi huyu akitutoka, Mungu apishe mbali, hatutahangaika kutafuta la kusoma.

Sasa jina. Mkunga huyo pale kijijini wote tulimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, Mama Fulani, na msalaba wake wa mbao, kabla mchwa hawajaumaliza, uliandikwa hivyohivyo. Wanawake wengi wa vijijini wamezikwa bila majina yao. Kwa upande wetu Wakatoliki, parokia ndiyo mkombozi. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na parokia huweka madaftari ya ubatizo, ndoa na wafu. Usiende na swali la jumla jumla. Nenda ukiwa na jina la kigango, jina la mume na mwaka wa kukadiria, muone katibu wa parokia siku isiyo ya Misa, uwe mpole. Kwa majirani zetu Waislamu njia ni nyingine: wazee wa msikiti, mwalimu wa madrasa wa zamani, na zaidi dada wa marehemu au mawifi zake. Wifi hasahau jina la wifi yake, hata kama hawakupatana. Hasa kama hawakupatana.

Miaka nayo usiitafute kwa namba. Mzee ukimwuliza mwaka atakupa wowote ili umwondokee. Mwulize jambo lile lilitokea kabla au baada ya nini. Uhuru wa 1961 na Azimio la Arusha la 1967 hukumbukwa na waliokuwa karibu na siasa. Wanawake wanakumbuka zaidi kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, redio ikinguruma chini ya mti na kila kaya ikichimba choo. Halafu kuna kuhamia vijijini, kuna vijana walipokwenda vita vya Kagera mwaka 1978, kuna kifo cha Waziri Mkuu Sokoine Aprili 1984. Ukisikia "mtoto huyo alikuwa anatambaa Sokoine alipokufa", una mwaka wa kuzaliwa unaoaminika kuliko wa kwenye kadi nyingi za kliniki nilizowahi kuona.

Huko kuhamia vijijini nakuomba ukupe siku nzima. Miaka ya 1970, Operesheni Vijiji ilipowatoa watu kwenye makazi yaliyotawanyika na kuwaweka kando ya barabara, waliobeba mabati, milango na kuku hawakuweza kubeba makaburi. Mahame yale leo ni mashamba ya mahindi, yanajulikana kwa miembe tu. Nenda huko na mzee mmoja, wawili wakizidi watabishana. Tembeeni. Atasimama mahali usipoona kitu chochote, atasema hapa amelala baba mdogo, na pale kwenye kichuguu ni mapacha wa shangazi. Hifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu, andika nani alipanda ule mwembe. Msichelewe, maana mashamba hayo yanauzwa, na mnunuzi akileta trekta hana habari kwamba analima juu ya babu wa mtu.

Sisi wa Ruvuma kumbukumbu si jambo geni. Kila tarehe 27 Februari tunakusanyika Songea mjini, Makumbusho ya Maji Maji, kuwakumbuka mashujaa 67 walionyongwa na Wajerumani siku hiyo mwaka 1906. Ni jambo la heshima na liendelee. Lakini vita vile viliua wengi zaidi kwa njaa, baada ya maghala na mashamba kuchomwa. Makadirio ya waliokufa kusini yanatofautiana: mengine ni watu 75,000, mengine hufika 300,000. Hao walikufa vijijini mwao, wanawake na watoto, mmojammoja, na orodha yao haipo popote. Naliwaza hilo kila ninapomwona mtu akiacha jina kwa kuona si la mtu maarufu.

Wanaosahaulika kwenye madaftari ya aina hii nawajua sasa. Watoto wachanga, kwa sababu huzikwa kimyakimya na mama huambiwa asilie sana. Waliofia mjini wakazikwa hukohuko kwa kukosa gharama ya kusafirisha. Na vibarua. Tulikuwa na mtu mmoja aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji enzi za vita vyao, akaishi kwa kulima tumbaku ya watu mpaka akazeeka. Hakuoa. Alizikwa na kijiji, sanda ya kuchangishana, na hakuna aliyejua ukoo wake. Ukurasa wake una mistari michache: alipiga zeze, aliwafundisha vijana kukausha tumbaku bila kuiunguza, alikataa kula bata. Hiyo ya bata alinitajia mwanamke aliyekuwa akimuuzia chakula, akacheka, halafu akafuta macho kwa ncha ya khanga. Ningeambiwa nichague kati ya mistari hiyo na idadi ya wajukuu, najua ningechagua nini.

Yapo nisiyoyaandika. Sababu ya kifo naandika ile ambayo familia imeisema, basi. Sichunguzi vyeti wala minong'ono ya kisimani. Mtu akijiua, naandika alivyoishi na tarehe aliyofariki. Tuhuma za uchawi haziingii kwenye daftari langu hata kama kijiji kizima kinazisema. Kumwita mtu mchawi ni kosa kisheria, na zaidi ya sheria, karatasi hiyo itasomwa na wajukuu zake wakiwa shuleni. Ukali, ulevi na ugomvi wa mipaka naviandika, kama watu wanavisimulia wakicheka. Marehemu aliyekuwa malaika toka utoto hakuna anayemkumbuka.

Usichanganye daftari hili na karatasi za serikali. Kifo kiandikishwe RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, ndani ya siku 30, kwa kuanzia na mtendaji wa kijiji, la sivyo mirathi itawatesa watoto mahakamani. Cheti kina kazi yake.

Picha nayo ishughulikieni mapema. Wazee wengi picha yao pekee ni ya kadi ya mpiga kura au kitambulisho cha NIDA, na msiba ukitokea hupelekwa steshenari kukuzwa, inatoka na ukungu na kona ya muhuri usoni. Mpige mtu picha akiwa kwenye kazi yake, kwenye cherehani au kwenye mashine ya kusaga, mchana, akiwa amevaa nguo anazovaa kila siku. Na kaburi likisakafiwa, mmoja wenu abaki na msumari mpaka zege lianze kukaza, achore jina lote na miaka kwa kina. Rangi hufutika masika mbili tatu.

Mimi natumia kauntabuku, kurasa mbili kwa kila mtu hata kama sina la kuzijaza, maana habari huja baadaye. Sauti narekodi kwa simu pia, lakini simu zinaibiwa na zinaangukia majini, kwa hiyo ya muhimu naandika kwa mkono usiku huohuo. Daftari linakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, juu ya dari, mbali na panya. Nakala ya pili iko shuleni kwa mwalimu mkuu, na walimu wakuu wakihamishwa nakwenda kuikabidhi upya kwa mgeni.

Kabla ya kusoma ukurasa wowote hadharani, huusomea kwanza familia, siku ya kuanua tanga au inapokaribia arobaini, vilio vikiwa vimepungua. Daima kuna anayesema, "Futa hapo." Nafuta. Na karibu kila mara kuna mwingine, aghalabu dada mkubwa wa marehemu, anayesema, "Subiri, hilo la mbuzi hamjaliandika," na inabidi nifungue ukurasa wa pili.