Kichwa cha Buddha kinatoa unga wa kijani: nikisugue kwa ndimu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina nyumba ndogo ya wageni Jambiani, yenye chumba kimoja cha masaji ya Kithai. Miaka miwili iliyopita nilinunua kichwa cha Buddha cha shaba, kimo chake kama sentimita 40. Aliyeniuzia alisema ni cha enzi ya Ayutthaya, kina miaka 400, akanipa na karatasi yenye mhuri. Tangu masika kinatoa unga wa kijani chini ya kidevu na nyuma ya masikio. Fundi mmoja kaniambia nikisugue kwa ndimu na chumvi, mwingine anasema nikipake mafuta ya nazi. Nimfuate yupi? Na huo ukijani si ndiyo dalili kwamba ni cha kale kweli?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Usimfuate hata mmoja.

Huyo wa ndimu na chumvi ndiye hatari zaidi. Bronzi, yaani shaba iliyoyeyushwa pamoja na bati, ikikaa pwani adui yake mkubwa ni kloraidi, na kloraidi ni sehemu ya chumvi yenyewe. Upepo wa bahari unaileta, inajipenyeza kwenye vitundu, unyevu wa masika unaiamsha, na pale inapotafuna unaona unga wa kijani mpauko, mwepesi kama sembe, unaodondoka ukiugusa. Ikimaliza hapo haifi, inaanza upya pembeni. Sisi tunaohudumia vitu vya kale tunauita ugonjwa wa bronzi. Sasa mgonjwa anaumwa chumvi, na mganga anamwandikia chumvi! Ndimu nayo inachubua ile ngozi ya juu iliyokuwa inamkinga. Kitang'aa siku tatu kama sufuria mpya, halafu unga utarudi kwa fujo. Mafuta ya nazi yakichacha yanatoa asidi inayokula shaba, na badala ya unga utapata utando wa kijani unaonata kila vumbi linalopita.

Kinachotakiwa ni ukavu. Kitoe chumbani leo. Vaa barakoa na glovu, kipanguse unga kwa mswaki laini mkavu, bila maji. Tafuta dishi la plastiki lenye mfuniko unaobana, tandika karatasi nyeupe chini, kiweke kichwa, kisha mwaga humo vile vipakiti vya punje za kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu na kamera. Weka vingi, na viwe vipya, si vile vilivyokaa kwenye droo tangu mwaka juzi. Funga wiki mbili. Karatasi ikibaki nyeupe, ugonjwa umelala. Ikiwa na madoa ya kijani, bado unatembea, na hapo anahitajika mhifadhi wa metali wa makumbusho. Fundi wa kung'arisha vitasa umwache na vitasa vyake.

Kuhusu ukijani kuwa cheti cha kuzaliwa: nenda nyuma ya nyumba uangalie bomba la shaba la kiyoyozi chako. Limefungwa mwaka gani? Shaba ikipata chumvi na unyevu inageuka kijani ndani ya miezi, na wanaoghushi wanamwagia asidi au wanafukia udongoni wasisubiri hata hiyo miezi. Rangi haihesabu miaka.

Ukitaka kujua kidogo, kipindue utazame shingoni. Ukingo ulionyooka, uliosagwa kwa mashine, wenye unene mmoja kuzunguka, maana yake kilimiminwa kikiwa kichwa tangu mwanzo: kazi ya karakana ya mapambo, pengine ya juzi tu. Sanamu ya kale ya bronzi mara nyingi ina mabaki ya udongo mweusi ulioungua ndani yake. Mafundi wa Siam, yaani Thailand ya zamani, walifinyanga kiini kwa udongo, wakakivika nta, wakachonga sura kwenye nta, wakafunika kwa udongo tena, wakapasha moto nta ikachuruzika yote, kisha wakamimina bronzi mahali pake. Ukingo wenye menomeno, alama za patasi au msumeno, na udongo ule ndani, hiyo ni habari nyingine kabisa, na ni habari mbaya.

Omba kiwe cha karakana. Kwa maana kama huyo bwana alidanganya, ulinunua pambo kwa bei ya hazina, basi. Kama alisema kweli, yaelekea sana umeweka mali ya wizi kwenye chumba cha masaji. Chini ya sheria ya mambo ya kale ya Thailand ya mwaka 1961, sanamu ya namna hiyo haitoki nchini bila kibali cha Idara ya Sanaa ya serikali. Karatasi ya muuzaji si kibali, hata ikiwa na mihuri mitano.

Lakini lililonifanya nichague barua yako kati ya nyingine ni hilo neno "kichwa". Kila mwezi nalipata: kichwa cha Buddha cha sebuleni, cha bustanini, cha kaunta ya hoteli. Watu wameamini kwamba kichwa kitupu ni aina ya sanaa ya Kithai, kama kinyago kilivyo aina ya sanaa ya Wamakonde. Sivyo! Katika jadi ya Siam fundi alitengeneza Buddha mzima: ameketi, amesimama, amelala kwa ubavu au, kwa mafundi wa Sukhothai, ufalme wa kale wa huko, wa karne ya 14 na 15, anatembea, kisigino kimoja kimeinuka na mkono unaning'inia kama mkonga wa tembo. Sanamu kubwa ziliweza kumiminwa vipande vipande. Ile ya dhahabu ya hekalu la Wat Traimit mjini Bangkok, yenye tani 5.5, ambayo ilikaa imefichwa ndani ya lipu mpaka ilipodondoka wakati wa kuhamishwa mwaka 1955, ina vipande tisa. Lakini vipande vile vilitengenezwa viungane. Kichwa kinachokaa peke yake juu ya kijiti kilianza maisha hayo siku mtu alipokikata shingo. Hivi vya karakana vinaiga matokeo ya ukataji huo.

Na kichwa peke yake kinasema machache. Kinakuonyesha masikio marefu, kumbukumbu ya hereni nzito alizovaa alipokuwa mwana wa mfalme, na nywele zilizojisokota kama makoa madogo. Habari yenyewe iko mkononi. Sanamu iliyoenea kuliko zote Thailand inamwonyesha ameketi, mkono wa kushoto umelala mapajani, wa kulia umeshuka juu ya goti, vidole vinaelekea chini. Huo ni usiku wa kupata mwangaza. Mjaribu aitwaye Mara amekuja na jeshi lake kumwambia kiti hicho si chake, aonyeshe shahidi. Buddha hatamki neno, anaigusa ardhi. Wathai wanasimulia kwamba ardhi ikatokea kwa sura ya mwanamke, Mae Thorani, akakamua nywele zake, yakamwagika maji yote ambayo Buddha aliwahi kuyamimina kila alipotoa sadaka katika maisha yake yaliyotangulia, na mafuriko yakalizoa jeshi lote. Ingia mahekalu mengi ya zamani, ukutani mkabala na sanamu kuu utakuta kisa hicho kimechorwa, mamba wakitafuna askari na tembo wakielea. Sasa chukua msumeno. Mkono umebaki kule, na goti na ardhi na shahidi. Wewe umeondoka na tabasamu.

Ayutthaya unayotajiwa ilikuwa mji mkuu wa Siam tangu 1351 hadi 1767, jeshi la Burma lilipouteketeza. Angalia wenyewe walifanya nini na vilivyovunjika. Mfalme Rama I, aliyeanza kutawala kutoka Bangkok mwaka 1782, alikusanya zaidi ya sanamu 1,000 kutoka miji iliyokuwa magofu, akazifanya zikarabatiwe na kuwekwa mahekaluni, nyingi katika hekalu la Wat Pho mjini Bangkok. Moja, Phra Si Sanphet, Buddha mrefu aliyesimama na kuvikwa dhahabu, iliungua vibaya hata haikutengenezeka. Basi wakaijengea mnara pale Wat Pho wakayahifadhi mabaki yake ndani, kama mtu anavyozikwa. Haikumjia yeyote kuokoa kipande kizuri akipambe mezani. Na kile kichwa maarufu cha mawe kilichokumbatiwa na mizizi ya mti katika Wat Mahathat, Ayutthaya, ambacho kila mtalii anacho kwenye simu? Mgeni anayepiga nacho picha anatakiwa achuchumae, kichwa chake kisipite kile cha Buddha. Wathai hata hawapendi kusema wamenunua sanamu au hirizi yenye sura yake. Wanasema chao, yaani "kukodi". (Bei lakini wanajadiliana vizuri tu.)

Wezi nao wapo, tena wenyeji. Mwaka 1957 watu walichimba usiku chini ya mnara wa Wat Ratchaburana, hekalu la mwaka 1424, wakaingia kwenye vyumba vya siri na kubeba dhahabu. Sehemu ilikamatwa, nyingine ikapotea, na Idara ya Sanaa ikachimba kilichosalia. Ili kupata nyumba ya kukiweka, wananchi waliochangia walipewa vibamba vidogo vya Buddha vilivyopatikana humo kwa wingi, na makumbusho ya Chao Sam Phraya yakafunguliwa 1961. Kila nikisikia "kiliokotwa magofuni" nakumbuka shimo lile.

Huku kwetu tusijifanye hatuijui biashara hii. Vigango vya Wamijikenda, nguzo za mbao zinazosimamishwa kwa ajili ya wazee waliofariki, viling'olewa vikauzwa Marekani kama "sanaa ya Kiafrika", vikasimama kwenye sebule za watu wasiojua wamemweka nani pembeni ya sofa. Viwili vilivyoibwa 1985 vilirudi kwa wenyewe mwaka 2007, na makumbusho ya Denver yalikubali mwaka 2014 kuachia 30. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi yalipambwa kwa mabakuli ya Kichina, nenda leo uhesabu mashimo. Dalali ni yuleyule: ana hadithi, ana umri wa kutaja, ana karatasi. Muulize swali moja tu, mwili uko wapi? Akikuambia "vinakuja hivi hivi", rudisha pochi mkobani. Na fundi anayekuambia kitu cha kale kinafaa king'ae kama kipya, mpe kijiko cha nyumbani kwako ajifunzie.

Umeuliza juu ya chumba cha masaji bila kuuliza. Kwa Wathai kichwa ndiyo sehemu tukufu ya mwili na miguu ndiyo ya chini kabisa. Kama kitanda chako kimekaa kama vilivyo vingi nilivyoviona, mgeni analala nyayo zikimwelekea Buddha usoni, amejifunga taulo. Mthai akiingia humo hatasema kitu, atatabasamu, na hatarudi.

Ajabu ni kwamba masaji yenyewe ina Ubuddha mwingi kuliko hilo pambo. Wat Pho, miaka ya 1830, mfalme Rama III aliagiza elimu ya tiba ichongwe kwenye mabamba ya mawe ukutani, pamoja na michoro ya njia za nguvu mwilini anazozifuata mkandaji. Uani zikawekwa sanamu za watawa wa msituni, ruesi, wakijinyoosha viungo, mmoja kajikunja mpaka unamhurumia. Wakandaji wanaofuata jadi huanza kazi kwa kumkumbuka Jivaka, tabibu wa Buddha. UNESCO iliiandikisha nuad Thai, yaani masaji ya Kithai, katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2019. Tundika picha ya mmoja wa hao ruesi mahali pa kichwa. Wageni wenye migongo inayouma watamwelewa mara moja.

Kichwa chenyewe, wiki mbili zikiisha, kipige picha tatu: usoni, ubavuni, na ndani ya shingo kwa tochi. Nitumie. Ya shingo ndiyo nitakayoifungua kwanza.