Python: orodha moja, majina mawili

Katika Python, lugha ya kuandikia programu, andika a = [1, 2, 3], kisha b = a, kisha b.append(4), yaani ongeza 4 mwishoni mwa b. Sasa chapisha a. Utapata [1, 2, 3, 4], ingawa a hukuigusa. Wengi wanaoanza hudhani Python ina hitilafu. Haina. Alama ya = hainakili kitu, inakipa jina tu. Mtoto aliyerithi jina la babu yake huitwa Juma shuleni na Babu nyumbani; ukimnyoa Juma, Babu naye kanyolewa.

Ukitaka nakala, andika b = a.copy(). Angalia lakini: hiyo hunakili orodha ya nje peke yake. Kama ndani yake mna orodha nyingine, hizo zitabaki zilezile, na hapo utahitaji copy.deepcopy(a), baada ya import copy.

Ndiyo maana jedwali = [[0] * 3] * 3 huwatesa watu. Ukiweka jedwali[0][0] = 5, safu zote tatu zinaanza na 5, kwa kuwa ni safu moja iliyotajwa mara tatu. Andika [[0] * 3 for _ in range(3)] upate safu tatu za kweli.

Linalouma zaidi ni hili, maana hujificha hadi fanksheni (kipande cha programu chenye jina, kinachoitwa kikihitajika) iitwe mara ya pili:

```
def ongeza(kitu, kapu=[]):
    kapu.append(kitu)
    return kapu
```

ongeza("nazi") inarudisha ['nazi']. Ukiita tena ongeza("embe"), unapata ['nazi', 'embe']. Mstari wa def hutekelezwa mara moja, na kapu linaundwa hapohapo. Kila atakayeita bila kuleta kapu lake atatumia hilohilo. Weka kapu=None (None ni alama ya "hakuna kitu"), kisha ndani uanze na if kapu is None: kapu = []. Usiandike if not kapu, kwani mtu akikuletea orodha yake iliyo tupu, utaiacha na kujaza nyingine, naye ataona yake haikupata kitu.

Kuna tofauti nyingine ndogo inayopoteza saa nzima. Baada ya b = a, b = b + [4] huunda orodha mpya na kuiacha a salama, ila b += [4] huibadilisha ileile ya a.

Ukiwa na shaka, chapisha a is b. True maana yake ni kitu kimoja. Kulinganisha thamani ni kazi ya ==, hasa kwa namba: Python ya kawaida huhifadhi tayari namba kamili kuanzia -5 hadi 256, kwa hiyo is inaweza kukubali kwa 256 na kukataa kwa 257.