Jibu: Eti maji ya bwawa yanaweza kuleta tetemeko?

Mkuu, umeuliza kama kweli maji ya bwawa yanaweza kutikisa ardhi. Yanaweza, tazama Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe. Walianza kulijaza Desemba 1958. Septemba 1963, ziwa likiwa limejaa, likapiga tetemeko la ukubwa uliozidi 6. Maji kilomita za ujazo 180 hivi si mzigo mdogo! Yanakandamiza mwamba, halafu yanapenya kwenye nyufa za zamani zilizokuwa zimebanana, zinateleza. Ukuta ulibaki umesimama. Mimi pale kinachonitisha zaidi ni lile shimo chini ya milango ya kumwagia maji: kwa miaka yamechimba mwamba hadi kina cha mita 80 hivi, jirani kabisa na msingi.