Kabla ya Kupiga Windows Upya, Ipime Kompyuta Bila Windows

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii akilalamika kwamba kompyuta yake imepigwa Windows upya zaidi ya mara moja na bado inaishia kwenye skrini ya bluu, yaani ukurasa wa kosa ambao Windows huonyesha inapoanguka, huku fundi wake akishikilia kuwa Windows haijakaa vizuri. Maneno hayohayo niliwahi kuambiwa mimi, tena mbele ya watu, na fundi aliyenizidi miaka mingi kazini.

Kompyuta iliyotugombanisha ilikuwa na makosa ya kuhamahama. Leo iliandika MEMORY_MANAGEMENT, kesho PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, siku nyingine kivinjari kilijifunga chenyewe, na faili moja kubwa la zip lilifunguka asubuhi kisha jioni likadaiwa kuwa limeharibika, ingawa hakuna aliyeligusa. Fundi aliona mfumo endeshi uliovurugika. Mimi niliona RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka kazi inayofanya, kwa hoja ambayo sijaiacha hadi leo: kosa la programu aghalabu hurudi palepale ukirudia hatua zilezile, ilhali biti, yaani sifuri au moja, inayogeuka ndani ya chipu mbovu haichagui imwangukie nani. Nilijibiwa kwamba nadharia hazitengenezi kompyuta.

Niliomba iachwe usiku kucha ikipimwa na MemTest86, programu inayowashwa kutoka kwenye flashi kabla Windows haijaamka, hivyo kwamba lolote itakaloliona haliwezi kusingiziwa Windows. Kulipokucha, skrini ilikuwa imejaa mistari myekundu. Tulichomoa vipande vyote viwili vya RAM na kuvipima kimoja kimoja: cha kwanza kilipita safi katika kila sloti, yaani nafasi ya kuchomekea RAM, cha pili kilishindwa hata kilipohamishiwa kwenye sloti ya mwenzake, kwa hiyo hata ubao mama, ule ubao unaobeba sloti hizo, ulisalimika. Radhi sikuombwa, na jambo hilo halijanitoka rohoni.

Kinachowaponza mafundi wengi ni kwamba kupiga Windows upya huonekana kama kunasaidia. Mafaili huandikwa upya, kompyuta hutulia kwa siku chache, na sifa huenda kwa Windows mpya. Amri ya sfc /scannow, ambayo hukagua mafaili ya Windows, nayo huweza kukuta mafaili ya mfumo yameharibika na kuyatengeneza, kisha utasikia, "Si unaona, ilikuwa Windows," bila mtu kuuliza ni nini kilichoyaharibu.

Sisemi kwamba kila skrini ya bluu ni ya kifaa. Tarehe 19 Julai 2024, kompyuta zipatazo milioni 8.5 zenye Windows ziliangushwa na sasisho bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike. Vifaa vilikuwa vizima, na hata Windows haikuwa chanzo, bali mgeni aliyeruhusiwa kuingia hadi kwenye kiini cha mfumo. Kwa upande mwingine, baadhi ya prosesa (chipu kuu zinazofanya hesabu za kompyuta) za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 zilifanya michezo ilalamike kwamba kumbukumbu ya kadi ya grafiki haitoshi, ilhali ugonjwa ulikuwa katika volteji ya prosesa yenyewe, na sasisho la Agosti 2024 halikuweza kuziponya zile zilizokwisha kuharibika. Ujumbe wa kosa humtaja aliyeanguka, si lazima aliyemsukuma.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tuache ubishi na tupime. Iwashe kompyuta kwa Linux, mfumo endeshi mwingine, kutoka kwenye flashi na uipe kazi nzito: ikiganda huko nako, Windows haina hatia. Ikienda vizuri, usikimbilie kuwalaumu Microsoft, kwa sababu diski ya ndani haikutumika katika jaribio hilo; soma taarifa zake za SMART, ambazo diski hujiandikia kuhusu afya yake, na ukiona sekta (vipande vya diski) zilizohamishwa kwa ubovu au zinazosubiri kuhamishwa zinaongezeka, nakili kazi zako kwanza, mengine baadaye. Ikiwa diski nayo ni nzima, ndipo zamu ya draiva, programu zinazoendesha vifaa, na mfumo inapofika. (Joto huivuruga kanuni yangu ya kosa linalorudi palepale: prosesa inayochemka hukuangusha kila unapoipa kazi ileile, ukadhani ni programu, kwa hiyo tazama feni na vumbi mapema.)

Wewe uliyeniandikia, usilipie Windows nyingine kabla RAM haijapimwa usiku mzima. Fundi akikataa kuipima, ichukue kompyuta yako. Flashi na MemTest86 unaweza kuviandaa mwenyewe.