Kwa mnaoanza kupiga na kuandaa muziki mpya wa klasiki: fikirieni onyesho la pili

Wadogo zangu, maswali mnayoniuliza mara nyingi ni yaleyale, nianzeje, watunzi nawapata wapi, ukumbi nani atanipa, hela ya kuwalipa wapigaji inatoka wapi. Yote ntayagusa ila naomba nianze na jambo ambalo mtu akiliweka kichwani mapema mengine yanamnyookea: tungo mpya kupigwa mara ya kwanza sio kazi kubwa sana, kazi ni kupigwa mara ya pili. Onyesho la kwanza kila mtu analitaka, mtunzi analitaka, mfadhili anapenda kuandika kwenye ripoti kwamba ni mara ya kwanza duniani, tamasha linapenda kuliweka hilo kwenye bango. Onyesho la pili halina mwenyewe. Ndio maana kuna tungo nyingi mno zilizopigwa jioni moja zikarudishwa kabatini, na nyingi wala hazikuwa mbaya, hazikupata tu muda wa kuzoeleka masikioni mwa watu na mikononi mwa wapigaji.

Hili tatizo ni la zamani. Mtunzi wa Austria, Arnold Schoenberg, mwaka 1918 alianzisha kule Vienna chama cha maonyesho ya faragha, na masharti yake yalikuwa makali kwelikweli: mazoezi mengi kuliko ilivyozoeleka, tungo ikishapigwa inarudiwa tena na tena kwenye maonyesho yanayofuata, wanachama hawaambiwi mapema leo kutapigwa nini ili mtu asichague siku ya kuja, makofi marufuku, waandishi wa magazeti hawaingii. Tungo kubwa za okestra walizipunguza zipigwe na watu wachache manake hela ya okestra haikuwepo. Chama kilidumu mpaka 1921. Mi sikubaliani na ile ya kufungia watu nje, muziki mgeni unahitaji masikio mengi sio machache, lakini kwenye kurudia na kwenye mazoezi ya kutosha alikuwa sahihi kabisa na hapo ndipo ningependa muanzie.

Sasa kwa vitendo. Kwanza angalia kundi lako lina vyombo gani. Tungo ya Schoenberg ya mwaka 1912, Pierrot lunaire, ina mwimbaji na wapigaji watano: fluti, klarineti, violini, selo na piano, afu mwenye fluti anashika pia pikolo, mwenye klarineti anashika besi klarineti, mwenye violini anashika viola, kwaiyo watu watano wanakupa vyombo nane. Watunzi waliofuata wameandikia mchanganyiko huu kwa wingi sana, na makundi yenye watu hao yapo sehemu nyingi. Faida yake ni mbili, una hazina ya kuanzia, na tungo utakayoagiza wewe kuna wengine wanaoweza kuipiga kesho. Ukiagiza tungo ya kinubi, tuba na akodiani kwa sababu marafiki zako watatu ndio wanapiga hivyo vitu, hakuna ubaya, ila ujue ninyi watatu ndio mmebeba uhai wake wote, mkiachana nayo imekwisha.

Kama bado huna kundi la kueleweka, yaani una wapigaji wa vyombo mchanganyiko na wengine ndio wanajifunza, anza na tungo zinazokubali watu wowote. In C ya mtunzi Mmarekani Terry Riley ya mwaka 1964 nota zake ni ukurasa mmoja tu, vipande vifupi 53, kila mtu anapiga kipande kwa kukirudia mpaka aamue kusogea mbele, idadi ya watu haijawekewa kikomo wala vyombo havijatajwa. Inaonekana rahisi lakini inafundisha kitu ambacho mwanafunzi wa klasiki mara nyingi hakukipata shuleni, kumsikiliza mwenzako ndio uamue wewe ufanye nini, badala ya kuzika macho kwenye karatasi na kuhesabu kimoyomoyo.

Mazoezi ndio sehemu ntakayokaa nayo zaidi manake hapa ndipo onyesho la pili linapopatikana au kupotea. Nota za tungo mpya huja na makosa, hamna mtunzi asiyekosea, na makosa mengine sio ya kuandika bali ya kifaa. Mfano mtunzi amemwandikia mpiga klarineti atoe sauti mbili kwa pumzi moja, amechora na mkao wa vidole kaunakili kutoka kwenye kitabu, mpigaji anajaribu hakuna kitu, inatoka hewa na mlio mmoja mwembamba. Sio kwamba mpigaji hajui, klarineti za mfumo wa Kijerumani na za mfumo wa Kifaransa haziendi kwa vidole sawa, na hata za mfumo mmoja zinatofautiana. Hapo usiseme haiwezekani ukafunga kesi, na usitoe sauti yoyote tu ukategemea mtunzi hatagundua. Mwambie mtunzi, kwenye klarineti yangu hii sauti haitoki ila ninazo hizi tatu zinazokaribiana nayo, sikiliza uchague. Akishachagua andika ule mkao mpya kwenye nota kwa penseli, piga picha, mtumie. Watunzi wengi wazuri wanaipenda sana dakika hiyo, ndio wanajifunza chombo chako, na tungo itakayofuata utashangaa inavyokukaa mkononi.

Vivyo hivyo na nyuzi. Mtunzi anataka uzi wa chini kabisa wa selo ulegezwe ushuke, halafu katikati ya tungo urudishwe. Kwenye karatasi ni mstari mmoja wa maelekezo. Ukumbini uzi uliolegezwa hautulii, unaendelea kupanda na kushuka wakati umeshaanza kupiga, na nyuzi nyingine nazo zinayumba kwa sababu mkazo wa chombo kizima umebadilika. Kama inawezekana azima selo ya pili uitayarishe toka mchana, kama haiwezekani mwombe mtunzi kimya kirefu kidogo hapo au sehemu ambayo wengine wanaendelea. Na hilo liandikwe kwenye nota mpya, sio libaki kuwa siri yenu.

Kwaiyo kwenye kila mazoezi awepo mtu mmoja wa kuandika masahihisho yote, namba ya baa (kipimo kimoja cha mapigo kwenye nota), chombo gani, ilikuwaje, imekuwaje. Sehemu ambazo kurasa hazigeuziki manake mikono yote miwili iko kazini, zipangwe upya. Mahali ambapo mtu anasubiri muda mrefu aingie, aongezewe nota ndogo za kumwonyesha mwenzake anapiga nini. Mwisho wa siku mnakuwa na nota safi ambazo kundi lingine likizipokea litaanza pale mlipoishia ninyi. Naliona hili kama heshima ya kwanza mpigaji anayoweza kumpa mtunzi aliye hai, kuliko hata kupiga vizuri jioni ile.

Kuhusu kuandaa programu. Waandaaji wengi wapya wanataka kuweka kila wanachokipenda kwenye jioni moja, tungo saba mpya, saba ngeni, kila moja na mpangilio wake jukwaani, matokeo yake watazamaji wanatumia muda mwingi kuangalia watu wakihamisha stendi na viti. Chora jukwaa la kila tungo kwenye karatasi kabla hujapanga mfululizo, hesabu nini kinahama na nani anakihamisha, ukiona mabadiliko ni mengi badilisha mfululizo au punguza tungo. Saa moja na dakika chache bila mapumziko, tungo tatu au nne, mi naona inatosha sana. Na hapa rudi kwenye ile ya Schoenberg: kama una tungo ya dakika saba au nane, ipige mwanzoni na uipige tena mwishoni. Mara ya kwanza watu wanatafuta pa kushika, mara ya pili wanasikiliza. Utawaona hata wanavyokaa kwenye viti ni tofauti. Maneno ya utangulizi yawe dakika mbili, mwoneshe msikilizaji kitu kimoja cha kufuatilia, mwambie mpigaji apige ule mlio peke yake watu wausikie, basi. Kusoma wasifu wa mtunzi na tuzo zake hakumsaidii mtu kusikia.

Tungo ndefu zina sheria zake. Kwateti ya nyuzi ya pili, yaani tungo ya wapigaji wanne wa nyuzi, ya mtunzi Mmarekani Morton Feldman ya mwaka 1983 ikipigwa yote inachukua kama muda wa saa sita, huwezi kuwafungia watu kwenye viti vya ukumbi wa kawaida ukawaita hawana subira. Weka mikeka, milango iachwe wazi, watu waingie na kutoka bila kuona aibu, na wapigaji nao uwafikirie migongo na mabega yao.

Piano inayochomekwa vitu naomba muwe waangalifu nayo sana. Sonatas and Interludes ya mtunzi Mmarekani John Cage, aliyoimaliza 1948, inataka sauti 45 za piano ziwekewe skrubu, bolti, raba na plastiki katikati ya nyuzi, na kuipanga vizuri ni kazi ya saa kadhaa. Ongea na mwenye ukumbi na fundi wa piano mapema kabisa, sio siku ya onyesho. Nenda na vitu vyako vilivyo safi, visivyo na kutu, visiwe vinene kiasi cha kuusukuma uzi utoke mahali pake, na usishike nyuzi kwa vidole vitupu manake jasho linaleta kutu. Alama za stika ziwekwe juu ya dampa, kile kipande kinachozima mlio wa uzi, sio kwenye uzi. Vipimo alivyoandika Cage ni vya piano aliyokuwa nayo yeye, kwenye nyingine inabidi utafute kwa sikio. Ukumbi ukikuamini mara moja kwamba piano umeirudisha kama ulivyoikuta, umeshapata nafasi ya onyesho la pili na la tatu, na wenzako watakaokuja baada yako hawatakuta mlango umefungwa.

Pesa ntasema kwa kifupi. Lipa mazoezi, sio onyesho tu, na kama bajeti haitoshi punguza idadi ya tungo usipunguze mazoezi. Kwenye bajeti kumbuka fundi wa piano, usafiri wa vyombo vya kugonga, kurekodi, kibali cha hakimiliki, na kukodi nota, maana nota nyingi za watunzi walio hai wachapishaji wanazikodisha hawaziuzi na zinachukua muda kufika. Kwenye nchi nyingi zikiwemo za Umoja wa Ulaya haki zinaisha miaka 70 baada ya mtunzi kufariki, ndio maana tungo za Schoenberg aliyefariki 1951 huko zimekuwa huru toka 2022 lakini za Stravinsky, mtunzi mzaliwa wa Urusi aliyefariki 1971, bado. Ukiagiza tungo, mkataba uandikwe: malipo nusu mkisaini nusu nota zikifika, tarehe ya nota kufika iwe miezi kabla ya onyesho, na ule muda wa kundi lako kuipiga peke yake uwe mfupi. Kuna makundi yanang'ang'ania miaka mitatu ya peke yao, kwa nini? Kronos Quartet, kundi la Marekani la wapigaji wanne wa nyuzi lililoanza 1973, lilianzisha mwaka 2015 mradi wa kuagiza tungo 50 na kuweka nota zake bure mtu yeyote achukue, na leo wanafunzi wanazipiga. Huo ndio mwelekeo.

Na tunzeni kumbukumbu, nawasihi. Julius Eastman, mtunzi Mmarekani mweusi, mpiga piano na mwimbaji wa ajabu, alifukuzwa kwenye nyumba aliyopanga na nota zake nyingi zikapotea, akafariki 1990 akiwa karibu amesahaulika. Mtunzi mwenzake Mary Jane Leach alihangaika miaka kutafuta kanda na karatasi zilizobaki kwa watu, na mwaka 2005 zikatoka sidii za rekodi zile. Leo Femenine yake ya 1974 inapigwa na makundi mengi. Imewezekana kwa sababu kuna watu waliweka kanda kwenye droo hawakuzitupa. Kwaiyo rekodi kila onyesho hata kwa mashine ndogo, andika tarehe, ukumbi na majina ya wapigaji, weka nakala sehemu mbili.

Wiki ya baada ya onyesho usilale. Mtumie mtunzi rekodi na nota zilizosahihishwa, muulize kama unaruhusiwa kuwasambazia wengine. Akikubali tafuta makundi mawili matatu yenye vyombo kama vyenu, waandikie wahusika kwa majina yao, barua fupi: tungo inaitwa hivi, dakika ngapi, inahitaji vyombo hivi, ugumu wake uko kwenye ukurasa huu, rekodi hii hapa, nota safi tunazo, mkitaka mpiga klarineti wetu atawaelekeza ile mikao ya vidole. Wengine hawatajibu. Waandikie tena msimu wa kupanga programu ukifika.